Meza Alizochagua Febe

Febe Wellens ndiye aliyechagua mahali pote pa kula. Tangu mwezi wa tano alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyumba yao pale Lier, Ubelgiji, simu mkononi, akisoma habari za wapishi na masoko na maghala ya jibini, na baba yake akirudi kazini alimsomea kwa sauti wakati akivua buti.

"Baba, sikia hii. Strasbourg kuna watu wanaoka mkate mwembamba wa vitunguu kwenye tanuri la kuni. Wanakuletea juu ya ubao. Utaupenda sana."

Joris alisikiliza kila neno. Binti yake alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu Krismasi hakuwa amekula chakula cha kueleweka.

Walikuwa wameshampeleka hospitali. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema wodi inayoshughulika na watoto wa namna hiyo imejaa, nafasi itapatikana mwezi wa tisa. Mpaka hapo apimwe uzito kila wiki, na wale pamoja mezani. Msimlazimishe, alisema, msimbembeleze, wala msimwache peke yake. Walipofika kwenye maegesho Joris alimgeukia mkewe. "Sasa kimebaki nini?"

Annelies alitafuta funguo kwenye mkoba.

Joris alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kufungua kifuniko, kutafuta kilichokwama na kukikwamua. Akakumbuka jinsi Febe alivyokuwa mdogo, jinsi walivyokuwa wakishuka kusini kila mwezi wa nane, mtoto kajipaka mafuta na nyanya mpaka masikioni, akiomba kuongezwa. Akaamua waende tena njia ile ile: Ufaransa, wavuke milima ya Alps, waingie Italia. Kilichopotelea nyumbani huenda kikaonekana huko.

"Huko tutamkalisha mezani mara tatu kwa siku mbele ya watu," Annelies alisema. "Hapa kwetu tu hatuwezi."

"Anasoma habari za chakula asubuhi mpaka jioni. Mtu asiyetaka kula anazisoma za nini?"

Muuguzi alikuwa amemweleza Annelies kwamba hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, kwamba wengi wao hupenda kupika na kuwalisha wenzao huku wao wakikaa na njaa. Lakini alimtazama mumewe, akaona jinsi uso wake ulivyokuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akashindwa kusema.

Waliondoka wanne. Mama yake Joris, Godelieve, alikuwa haachwi safari hata moja. Bomma, kama mjukuu wake alivyomwita, alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili na mdomo usiolala. Alikaa kiti cha nyuma pamoja na Febe, mkoba mapajani.

"Nimezika mume na mbwa wawili," alimwambia Joris kabla gari halijatoka kwenye mtaa wao. "Siwezi kushindwa na sahani ya mtoto. Niachieni mimi."

Strasbourg walifika mchana, jua kali. Febe alikuwa amevaa sweta la buluu. Alipanda mnara wa kanisa kuu mpaka juu, akashuka, akasema hakupiga picha nzuri, akapanda tena. Annelies alibaki uwanjani, kichwa ameinua, akilifuata kwa macho dirisha hadi dirisha lile doa dogo la buluu lililokuwa likizunguka ngazini.

Mahali pa mkate wa vitunguu palikuwa vile vile alivyopasimulia. Aliagiza yeye, kwa Kifaransa safi, kwa niaba ya wote.

"Bomma, wewe chukua wa uyoga. Ule wa jibini utakusumbua tumbo. Baba, wako una nyama ya moshi. Mama, utagawana nami."

Mbao zilipofika alikunja mikono akawatazama wakitafuna. "Ukoje? Vitunguu vimeshika utamu? Pembeni umekauka?"

"Mtamu," alisema Joris, na kweli ulikuwa mtamu. "Hebu onja."

Febe alikata kipande kama ukucha. Akakisogeza kushoto. Baadaye akakisogeza kulia, karibu na jani la saladi, kisha akakirudisha. Joris alimaliza ubao wake, akaagiza mwingine asio na hamu nao, ili meza iendelee kuwa meza.

"Huo mkate unautembeza wapi?" Bomma aliuliza. "Watalii ni sisi."

Febe alicheka. Wote walicheka, hata Annelies, na Joris akamtazama binti yake akicheka na kitu kikamlegea kifuani. Jioni ile alimwambia mkewe, "Uliona alivyocheka?" Annelies alikuwa ameona pia kile kipande, kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa cha karatasi, chini ya kiti.

Siku iliyofuata walipanda milima ya Jura kwenda kwenye ghala la jibini. Mwenye ghala aliitwa Fernand, mwanamume mnene mwenye kinyundo kidogo mfukoni. Aliyagonga majibini makubwa kama magurudumu, akiinamisha sikio, na kila moja likamjibu kwa sauti yake. Febe alimfuata hatua kwa hatua. Alimuuliza kama maziwa ya kiangazi hutoa rangi tofauti na ya baridi. Alimuuliza ng'ombe wanakula majani gani upande ule wa mlima. Fernand alimgeukia Joris.

"Mtoto huyu unamlea au unamfundisha chuo? Niachie. Wanangu wote wamekimbilia mjini, nitamwachia yeye ghala."

Akachimba jibini moja kwa kifaa chake chembamba, akatoa kipande, na kwa heshima akampa Febe kwanza. Hakukuwa na namna ya kukataa. Febe alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mdomoni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kustaajabu kama mtu anayeijua kazi. Kisha akasema simu yake haishiki mtandao humo ndani, akatoka.

Joris alingoja kidogo, naye akatoka. Alimkuta nyuma ya gari lao, ameinama, ana chupa ya maji, anasukutua mdomo na kutema kwenye majani, anasukutua na kutema. Mgongo wake ulionekana mfupa kwa mfupa kupitia sweta.

Febe aliinua macho, akamwona.

"Lilikuwa na chumvi nyingi," alisema.

"Sawa," alisema Joris.

Alisimama pale. Mikono ilikuwa mizito, hakujua aiweke wapi. Hatimaye alirudi ndani, akanunua kipande kikubwa cha jibini, akanunua na soseji mbili za moshi, na Fernand akamfungia kwa karatasi nyeupe huku akimsifia binti.

Njiani Annelies aliongea kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza mbele. Nyuma Febe alikuwa na spika za sikioni.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukafanya nini?"

"Nilinunua jibini."

Bomma alikuwa akisikia yote. Alimtazama mjukuu wake ubavuni, mikono yake iliyoota vinyweleo laini kama vya kifaranga, akafungua mkoba, akatoa peremende, akaifungua ganda lake na kumwekea gotini. Ilikaa pale gotini mpaka ikayeyuka.

Febe hakutaka wapite kwenye handaki la chini ya Alps. Alitaka wapande mlima wenyewe, wavuke juu kabisa, kwa sababu ya mandhari. Wakapanda. Kule kileleni palikuwa na upepo, waendesha pikipiki, na familia za Wadachi zikipigana picha mbele ya kibao cha mpaka. Febe alishuka, akasimama ukingoni, na baada ya muda Annelies akaona midomo yake imekuwa ya zambarau. Alivua koti lake, akamzungushia. Alipomshika mabega ili alifunge vizuri, akayaachia haraka, kama aliyegusa kitu ambacho hakupaswa kukigusa.

Alimvuta Joris pembeni. "Turudi nyumbani. Leo."

"Turudi kwenye nini? Nafasi ya hospitali bado mwezi mzima. Tukakae jikoni tumtazame?"

"Angalau karibu na daktari."

"Daktari alisema tule naye. Ndiyo tunafanya."

Febe alikuwa amewasogelea bila wao kujua. "Mama, tafadhali. Nimeshaweka nafasi ya meza kwa Donata. Nimemwandikia barua pepe mara tatu. Ana meza sita tu, Mama, tukikosa hatungojewi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Kwa miezi mingi hakuwa ameomba kula, na sasa aliomba chakula cha jioni. Nani angekataa? Annelies alirudi garini, akafunga mkanda, wakateremka Italia.

Nyumba ya chakula ya Donata ilikuwa katika kijiji kilicho juu ya kilima, mizabibu imekizunguka pande zote. Donata mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mipana, aproni ina unga. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza lakini hakikumzuia kusema. Alimkumbatia Febe mlangoni. "Wewe ndiye wa barua zile? Nilidhani ni mama mtu mzima. Kaa, kaa, nimekufanyia kwa mkono wangu."

Alileta vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama ya kuchoma, vimelowa mchuzi, vinanukia majani ya sage. Watu walikula. Bomma alikula kimyakimya, na kwa Bomma hiyo ndiyo sifa kubwa. Febe aliuliza unga una mayai mangapi, nyama imechomwa muda gani, huku kisu chake kikifanya kazi: kila kifuko alikikata nne, akaitoa nyama, akaipanga upande huu na ngozi ya unga upande ule.

Donata alikuja kuchukua sahani. Akasimama nayo mkononi, akiiangalia.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

"Hujakosea, Mama," alisema Annelies. "Mtoto anaumwa."

Donata alimtazama Febe vizuri, safari hii bila tabasamu, kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Aliondoka na sahani. Akarudi na kikombe cha supu nyepesi na kipande cha mkate mtupu, akavuta kiti, akaketi kando yake. "Haya. Hii hata mtoto mchanga anakunywa."

Febe alikitazama kikombe. Mvuke ulimpanda usoni. Hakusogea.

Hapo Joris akashindwa kujizuia. "Kijiko kimoja, Febe. Kimoja tu. Mbele ya huyu mama aliyekupikia."

"Baba, usinifanyie hivi."

"Nimeendesha gari kutoka Lier mpaka hapa. Kila ulipotaka nimekupeleka. Kimoja."

Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. Meza za jirani zilinyamaza. Kitoto kimoja kiligeuka kutazama, mama yake akakirudisha uso.

Febe alishika kijiko. Akachota, nusu ikamwagika mezani. Alimeza. Akachota tena, akameza. Machozi yalimtiririka akaendelea, kijiko kwa kijiko, bila kuyafuta, macho yake kwa baba yake muda wote, mpaka kikombe kikabaki kitupu.

"Umeridhika?" aliuliza. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua adhabu imeisha au la.

Bomma, ambaye alikuwa amemsimanga mjukuu wake tangu Ubelgiji, aliweka uma chini.

"Mwache mtoto, Joris," alisema. "Mwache."

Asubuhi walishuka mjini sokoni. Febe hakuwa amemsemesha baba yake, lakini alimshika bibi yake mkono na kumchagulia mapichi, akiyanusa moja moja na kuyarudisha yasiyoiva. "Haya ni ya leo, Bomma. Haya ya kesho." Alinyoosha mkono kuchukua jingine, lakini hakulifikia. Alianguka polepole, akishuka na ukingo wa meza ya matunda, na mapichi yakashuka naye. Mwuza matunda alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimbeba mikononi akamlaza kivulini, na baadaye, gari la wagonjwa lilipokuwa limeshafika, alikuwa bado akimwambia kila aliyepita, "Hana uzito. Nakuambia hana uzito kabisa."

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana aliyejua Kifaransa. Alisema moyo unapiga polepole mno, chumvi za mwilini zimeshuka, wanamlaza chini ya uangalizi na watampitishia mpira puani wa kumlishia. Alieleza kwa utulivu. Joris aliuliza swali moja.

"Ni ile supu? Jana nilimlazimisha supu."

"Si supu, Bwana. Ni miezi yote hii."

Alitaka kuingia. Wakasema aingie mama peke yake, mgonjwa ndivyo alivyoomba. Mlango ulifungwa. Kutoka ndani alimsikia Febe akisema hapana, hapana, sauti ile ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka mitatu alipokuwa akichomwa chanjo, na sauti ya Annelies ikimtuliza, na sauti nyingine asizozijua. Joris alisimama na viganja ameviweka juu ya mlango. Muuguzi alimwomba akae, akakaa.

Bomma alikuja na kikapu chake cha soko. Alikaa kando ya mwanawe kwenye viti vya plastiki, akatoa kisu kidogo, akamenya pichi taratibu, akalikata, akampa nusu.

"Kula. Tangu jana hujatia kitu tumboni."

Joris alitia kipande mdomoni. Kilikuwa kitamu, kimeiva sawasawa. Alitafuna, akatafuna. Alijaribu kumeza kikakataa, na mwishowe akakitema kwenye kiganja, akabaki amekishika.

Bomma alimtazama. "Hakishuki?"

"Hakishuki."

Bibi alifuta kisu kwa leso, akakikunja. "Mimi nilidhani ni ukaidi," alisema. "Vita vilipokwisha mama yangu alikuwa akitupiga kwa kijiko tulipobakisha viazi. Nilidhani ni ukaidi tu."

Baada ya wiki moja madaktari walikubali asafirishwe. Bima iliwalipia ndege Febe, mama yake na muuguzi mmoja. Joris alimwona binti yake kwa dakika chache tu kabla hawajamtoa, amelazwa, mpira umebandikwa shavuni kwa plasta. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Febe alisema, "Mkirudi msipite juu kule, Baba. Bomma aliona baridi." Kisha wakamsukuma.

Waliporudi, Joris na Bomma, walipita kwenye handaki. Waliendesha siku mbili. Vibao vya kahawia vya majumba ya kifalme na makanisa ya kale vilipita pembeni mwa barabara, Bomma akavisoma kimoyomoyo midomo ikichezacheza, hakuna aliyesema tusimame.

Nafasi ya wodi ilipatikana mapema, kwa kuwa sasa hali ilikuwa mbaya kiasi cha kupewa. Masharti yalikuwa wazi: wazazi wasiwepo saa za kula. Joris alilipokea sharti hilo kwa aibu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Febe alikaa huko vuli yote na sehemu kubwa ya baridi. Akatoka, baada ya miezi akarudishwa, akatoka tena. Yuko hai. Anasoma, ana rafiki wa kike anayemchekesha, na kuna wiki nzuri. Ukimuuliza Annelies kama binti amepona, anasema "leo amekula," na hapo hapo anabadili mazungumzo.

Vuli ile ya kwanza aliruhusiwa kupiga simu nyumbani kila jioni. Simu ya kwanza alipokea Joris.

"Mlirudi salama?" aliuliza Febe. "Mlikula wapi njiani?"

"Kituo cha mafuta tu, karibu na Metz. Mkate na nyama."

"Metz? Baba, Metz kuna mahali pazuri karibu na soko, ningekutafutia." Alisita kidogo. "Ulikuwaje huo mkate?"

Joris alitazama jikoni, ambako Annelies alikuwa amesimama na taulo mkononi akisikiliza. Yaliyosemwa hospitalini yalikuwa mengi na hili halikuwemo. Huenda kumsimulia kulikuwa kumlisha mtoto, huenda kulikuwa kuulisha ugonjwa. Upande wa pili Febe alikuwa anangoja.

"Ulikuwa wa baridi," alisema. "Nyama ina majimaji kidogo."

"Na haradali?"

"Haradali ilikuwepo. Nyingi."

"Ya punje au laini?"

"Ya punje," alisema Joris, akavuta kiti akaketi, akaendelea kumweleza.